Mara ya Tisa ya Shemeji Norbert

Shemeji yangu Norbert Jadin alikuwa ameshindwa uchaguzi mara nane mfululizo, na sijaona mwanadamu aliyeshindwa kwa raha kama yeye. Tangu mwaka 2008, kila baada ya miaka miwili, chama chetu kilikuwa kinatafuta mtu wa kugombea ubunge wa Wisconsin huku kwetu, na kila mwenye akili zake anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Norbert anasema haya, niandikeni mimi. Ikifika Novemba anapata asilimia thelathini na mbili. Mwaka mmoja alipata thelathini na tano, akatembea kifua mbele wiki nzima kama mtu aliyeapishwa.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa dereva wa lori la maziwa. Anapita shamba kwa shamba, anapima joto la maziwa kwenye tangi la mkulima, anachota kidogo kwenye kichupa cha maabara, anavuta yaliyobaki kwa mpira hadi kwenye lori, anaondoka. Ndiyo maana anawajua watu kwa ng'ombe wao. Ukimtajia Gaspard Massart atakuambia, "Yule wa ng'ombe wekundu, mwenye mbwa wa jicho moja." Mke wa Gaspard hamkumbuki jina.

Kila aliposhindwa, Jumamosi inayofuata tulifanya karamu kwenye banda lake la trekta. Tunaiita buya ya kushindwa. Buya ni supu yetu sisi watu wa asili ya Ubelgiji, kuku, mikia ya ng'ombe, kabichi, karoti, vyote ndani ya sufuria linaloweza kumwogesha mtu mzima, na hukorogwa kwa kasia la mbao tangu asubuhi. Mpishi mkuu ni mimi, Odile Renier, mjane, dada mkubwa wa mke wake, na asiyeipenda buya yangu anajua barabara ilipo. Watu mia tatu walikuwa wanakuja. Nusu yao walikuwa wamempigia kura mtu mwingine, na walimwambia hivyo huku wakiomba bakuli la pili. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Norbert alikuwa mshindani hodari kabisa.

Jambo moja tu halikuwa mchezo kwake: maji. Ardhi yetu ni udongo kidogo juu ya mwamba wenye nyufa, na samadi ya mashamba makubwa huzama humo moja kwa moja hadi visimani. Theluji ikiyeyuka, bomba la jikoni kwa mdogo wangu Elvina hutoa maji ya rangi ya chai yenye harufu ya zizi. Kwa miaka kumi na mmoja ananunua maji ya kupikia dukani. Norbert aliandika barua Madison, mji lilipo bunge, zikajibiwa na mashine. Alitaka siku moja asimame ndani ya bunge lile aseme habari ya bomba la mke wake, na wamsikilize kwa sababu hawana njia ya kumtoa. Hilo tu. Lakini kwa ramani ile ya zamani ya majimbo ya uchaguzi lilikuwa sawa na kutamani kuota nywele upya.

Ramani yenyewe ilikuwa kituko. Jimbo letu lilianzia ufukweni kwetu, likapinda kuukwepa mji wa bandari, likajikunja kama utumbo wa nguruwe hadi kwenye vitongoji vya watu tusiowajua wala kuwaamkia, ambao walikuwa wengi na wote wa chama kile kingine. Halafu mahakama ikazikataa ramani za zamani, zikapitishwa mpya, na jimbo letu likatoka mviringo kama mkate, mji wa bandari ukiwa katikati.

Norbert hakulitilia maanani. Aliandikisha jina lake kama kawaida yake, akaagiza mabango yaleyale. Mwezi Juni akaja mwanamke wa chama kutoka Madison, Rosalind, na kompyuta yake, akaketi jikoni kwa Elvina. Mimi nilikuwa pale namenya rubabu, yale mabua machachu ya kutia kwenye pai.

"Mzee Jadin," akasema, "safari hii unaweza kushinda."

Norbert akacheka. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, akavuta kiti.

"Kushinda vipi?"

"Kwa kura. Ukipata nyingi kuliko mwenzako."

"Hiyo naielewa, mama. Nauliza nimekosea wapi."

Rosalind akamwonyesha. Kata hii imeingia, kata ile imetoka, tofauti ni nusu ya asilimia. Norbert akaitazama ile ramani muda mrefu. Rangi ikamtoka usoni, ikarudi, ikazidi. Kisha akainuka akaenda uani, tukamwona dirishani anazunguka kisima chake mara tatu, ameshika kiuno.

"Kapatwa na nini?" akauliza Rosalind.

"Anataka," akasema Elvina, ambaye humwita mumewe kwa jina la binti yao. "Maskini baba Corinne. Ameanza kutaka."

Kuanzia hapo hatukuwa na mtu, tulikuwa na bwana harusi. Aliimba bafuni. Alijikata akinyoa. Elvina akamnunulia suti ya kijivu, akaivaa kwenda kutupa takataka. Jumamosi mbili nzima alibisha hodi katika nyumba za upande wa kusini wa barabara ya kaunti, akarudi meno nje, kila mtu kamwahidi kura. Ndipo nikachukua ramani nikamwambia, "Shemeji, hebu nionyeshe ulikokuwa." Akanionyesha. Barabara ile ndiyo mpaka mpya. Watu wale wote hawakuwa wake tena.

"Lakini nimewachukulia maziwa miaka thelathini na minane."

"Wamehama."

"Wamehama vipi? Nimewakuta nyumbani."

Nilicheka hadi nikashika meza. Yeye alinuna kwa dakika mbili, halafu akacheka pia, na siku ya uchaguzi yenyewe Alphonse Lampereur wa upande ule alipiga simu kwenye kituo chake cha kura akifoka kwamba jina la Norbert limeibwa kwenye karatasi ya kura. Ilibidi Norbert amsihi aombe radhi.

Mpinzani wake alikuwa Bernadine Skarvan, daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kumtoa ndama tumboni mwa mama yake bila kushusha pumzi. Mbunge wa zamani ramani ilimtupa jimbo jingine, ndipo chama chao kikamwomba yeye. Ungemtafutia kosa ukose, na mimi nilitafuta. Kuhusu maji alikuwa na msimamo wake: sheria zikizidi, wakulima wadogo ndio watakaouza ng'ombe kwanza, wale wakubwa wana wanasheria. Norbert alikuwa akimsikia akisema hivyo mdahaloni, anatikisa kichwa, halafu ananinong'oneza, "Lakini anazungumza vizuri."

Siku moja ya Septemba nilimpeleka Norbert kwa Bibi Philomène Counard, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye ana watoto saba na wajukuu wasiohesabika, wote wakiwa kwenye jimbo jipya, na wote wakipiga kura atakavyo bibi. Tukamkuta Bernadine ameshafika, amesimama mlangoni na vipeperushi vyake. Bibi Philomène akawatazama wote wawili kutoka juu hadi chini.

"Sera zenu nimezisoma," akasema. "Viazi vyangu bado vimo ardhini. Majembe yako bandani."

Wakachimba. Norbert na suti yake, Bernadine na buti zake, mimi na bibi tukikaa kwenye viti vya plastiki tunakula jibini. Bibi akawa anawachokoza.

"We Norbert, umechimba au umekuna?"

"Nachimba, bibi."

"Mwenzako yuko mstari wa tatu. Mbunge gani mvivu hivyo?"

"Mgongo, bibi. Ni mgongo wa lori."

"Basi ungegombea udereva."

Walipomaliza walikuwa matope hadi magotini, wanacheka kama watoto waliotoroka shule. Wakaketi juu ya magunia. Hapo ndipo Norbert, kwa mdomo wake asioweza kuufunga, akamweleza Bernadine desturi yake: tangu mara ya kwanza, siku ya uchaguzi humpigia kura mpinzani wake. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba mtu hajipakulii kwanza, na huku kwetu ni kweli, kipande cha mwisho cha pai kinaweza kukauka kwenye sahani kwa sababu kila mmoja anamwachia mwenzake.

Bernadine akamtazama. "Hata mwaka huu?"

"Hata mwaka huu."

"Basi mimi nitakupigia wewe," akasema. "Kura moja itaifuta nyingine, na hakuna atakayedhurika."

Wakashikana mikono yenye matope. Nikasema moyoni, hawa wawili hawana akili hata moja ya kugawana. Lakini sikatai, nilifurahi kuwaona. Bibi Philomène naye akatangaza uamuzi: nusu ya ukoo itampigia Norbert, nusu Bernadine, kwa kuwa viazi vilitoshana.

Siku ya uchaguzi asubuhi kukawa na vita jikoni. Elvina alisimama mbele ya mlango, amevaa koti tayari.

"Baba Corinne, nakuomba kitu kimoja. Mwaka huu jipigie."

"Nimeahidi."

"Umeahidi kwenye viazi. Na mimi uliniahidi kanisani, na miaka kumi na mmoja napikia maji ya chupa."

"Elvina."

"Nusu ya asilimia, Norbert. Yule Rosalind alisema nusu."

Tukaenda kituoni, ukumbi wa zimamoto, mimi naendesha, wao nyuma hawasemeshani. Tukapiga kura, mimi na Elvina, tukatoka, tukamngoja garini. Dakika tano. Dakika kumi. Elvina akawa anahesabu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakitoka mmoja mmoja. Baada ya dakika kumi na saba Norbert akatoka, masikio mekundu, akaingia garini akasema, "Twende." Hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kunyamaza kutoka mjini hadi nyumbani.

Matokeo ya jioni ile yalikuwa ya kutia wazimu. Norbert mbele kwa tisini, Bernadine mbele kwa mia mbili, Norbert mbele kwa kumi na moja. Elvina alivunja vikombe viwili bila kukusudia na kimoja kwa kukusudia. Kisha tukaambiwa tungoje hadi wiki inayofuata, bodi ya kaunti ihakiki zote. Karamu ya Jumamosi tukaiahirisha, maana hatukujua tunapika buya ya nini.

Wiki ile Norbert hakula. Mtu ambaye aliposhindwa kwa kura elfu kumi alikula bakuli nne, sasa anakoroga kijiko tu. Nikadhani ni hofu.

Jumanne saa nne asubuhi tukajazana ukumbi wa kaunti, sisi upande huu, watu wa Bernadine upande ule, tukitupiana vijembe kwa sauti ya chini. Karani, mwanamke mwembamba mwenye miwani shingoni, akasoma. Skarvan, kumi na tano elfu, mia tatu na kumi na saba. Jadin, kumi na tano elfu, mia tatu na kumi na nane.

Sijui nani alianza kupiga kelele, labda ni mimi. Nilimbusu karani kwenye paji la uso, jambo ambalo kumbe haliruhusiwi. Gaspard Massart alimbeba Elvina akamzungusha hadi kiatu kikamtoka. Kura moja. Watu wazima walikuwa wanashikana mabega wakijisifu, kila mmoja akisema kura ile ni yake, kila mmoja amekumbuka jinsi ambavyo nusura asiende kupiga kwa sababu ya matairi au mafua.

Bernadine akapita katikati ya watu, akampa Norbert mkono.

"Hongera, mzee wangu. Watu wangu wananibana niombe kura zihesabiwe upya. Sheria inaniruhusu, na kwa tofauti hii ni bure. Nimewakatalia. Wewe na mimi tulipeana kura, tumeshindana kiungwana, yanatosha."

Norbert hakuuachia ule mkono.

"Daktari," akasema. "Mimi nilijipigia."

"Nini?"

"Nilikuahidi. Nikaingia mle, nikasimama na kalamu, nikaiwaza jikoni kwetu, nikajipigia mwenyewe."

Elvina alikuwa amemkanyaga mguu tangu neno la pili, wala hakuhisi. Bernadine akautoa mkono wake taratibu.

"Mimi nilikupigia wewe," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Hesabu ile kila mtu aliifanya kichwani palepale, hata Gaspard. Norbert angetimiza ahadi yake, Bernadine ndiye mbunge. Bernadine angevunja yake, Bernadine ndiye mbunge. Yeye akamtazama Norbert kwa muda, si kwa hasira, kwa kumpima, kama anavyompima ng'ombe asiyesimama. Kisha akatoka nje. Kesho yake akaomba kura zihesabiwe upya.

Mimi nilimwakia shemeji yangu njia nzima.

"Mficha uchi hazai, sawa. Lakini nani alikutuma kuvua nguo mbele ya kaunti nzima?"

"Alikuwa anakataa haki yake kwa sababu yangu, Odile."

"Ungemwambia Januari."

"Januari ningekuwa mwizi mwenye suti."

Elvina, ambaye nilitegemea atamchuna ngozi, alikuwa akitazama nje. Akasema polepole, "Mimi ndiye niliyemwambia ajipigie." Kisha akamshika Norbert mkono, wakakaa hivyo hadi nyumbani. Nadhani mdogo wangu hakuwahi kumpenda zaidi ya siku ile, ingawa alikuwa anajua fika kwamba pengine ameyapoteza yale maji.

Walihesabu kwa mkono siku nne. Karatasi moja yenye doa la mafuta ya maandazi ilibishaniwa saa nzima. Siku ya nne alasiri karani akasoma tena, safari hii akikaa mbali nami. Skarvan, kumi na tano elfu, mia tatu na kumi na saba. Jadin, kumi na tano elfu, mia tatu na kumi na nane. Tofauti ni ileile.

Jumamosi tukapika. Walikuja watu mia tano, ikabidi niazime sufuria la parokia, na hatukuwa na jina la karamu, maana buya ya kushinda hakuna aliyewahi kuisikia. Supu ilikuwa imechemka vizuri Bernadine alipoingia bandani na bakuli lake mkononi, kama tufanyavyo sote. Akaja moja kwa moja kwangu, nikampakulia, nikamwekea na paja zima la kuku kwa sababu nilimwonea aibu. Akaonja, akaguna kwa kuridhika, akageuka.

"Waliompigia Norbert, mikono juu," akasema.

Mikono ikapanda, banda karibu zima, na wengine wakidanganya waziwazi. Wa kwake ulikuwa juu kuliko yote.

"Ninyi ni wengi, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kama ni yeye aliyemfikisha," akasema. "Mimi najua. Norbert, uko wapi?"

Norbert akajitokeza nyuma ya trekta, amevaa aproni.

"Niko hapa, Daktari."

"Sina hasira tena. Nilikuwa nayo hadi juzi. Lakini kile kiti ni changu na chako, umenisikia? Habari yako ya maji utaisema, na haki yako ni kuisema. Ukimaliza, utawasemea na wenye ng'ombe arobaini ambao sheria yako itawafilisi. Na utawasemea vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo kura yangu."

"Ndiyo," akasema Norbert.

"Usiseme ndiyo ya kula, ya kunyamazisha mtu ili supu isipoe."

"Si ndiyo ya kula. Nitakupigia simu."

Watu wakacheka, kasia likarudi sufuriani, na mtu akaleta kodiani. Bernadine alicheza na Norbert, na Elvina, na Gaspard, na alimkanyaga kila mmoja wao.

Januari tulikwenda Madison kumwona akiapishwa, mimi na Elvina juu kwenye viti vya wageni. Suti ilikuwa imefuliwa mara mbili na matope bado hayajatoka magotini. Alinyanyua mkono, akaapa, sauti ikamkatika katikati, akaimalizia. Elvina alilia hadi jirani yetu akampa leso. Kisha wabunge wapya wakaambiwa wakae, wote wakakaa, wakaanza kupigwa picha na familia zao.

Norbert hakututazama. Alitoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, na kwa kuwa mngurumo wa lori ulimwondolea nusu ya usikivu, huongea na simu kama aliye shamba la pili. Ukumbi mzima ulimsikia.

"Daktari? Nimekaa. Sema, nina kalamu."

Akavuta karatasi, akainamisha kichwa chenye upara, akaanza kuandika, na hakuacha kwa dakika ishirini.